Pesa ya Ugali

Katika miaka ya sitini, si muda mrefu baada ya Uhuru, nilikuwa afisa mdogo wa maendeleo ya jamii mjini Homa Bay. Nilikuwa na baiskeli ya serikali, mkoba wa ngozi, na nusu ya meza, kwa maana nusu nyingine ilikuwa ya karani mzee aliyenitangulia ofisini kwa miaka mingi. Watu walioniona nikipita na mkoba ule walidhani nimebeba pesa. Siku nyingi nilikuwa nimebeba fomu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu hata watoto wangu hawajawahi kuielewa vizuri. Vijana wengi waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya sekondari, na baadhi ya waliopata nafasi hawakupata karo. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia kila mmoja fundi atakayekubali kukaa naye miaka miwili: mwashi, fundi cherehani, mtengenezaji wa mashua. Fundi alimfundisha kazi ya mikono, lakini pia alimfundisha kuamka mapema, kumsikiliza mteja mwenye hasira bila kumjibu, na kusema "sijui" pale asipojua. Siku hizi jambo hilo lina majina marefu na semina zake. Sisi tuliliita tu kukaa na fundi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na vijana kumi na wawili, wengine Homa Bay penyewe, wengine Sindo, Ndhiwa na Migori. Halmashauri ilitupa pesa kidogo za vifaa vidogo: nyundo, misumari, sindano, pimamaji. Chakula hakikutajwa popote. Kijana aliketi pale walipoketi watoto wa nyumba, akanawa mikono katika karai lilelile, akala walichokula. Asubuhi alichota maji kabla ya kwenda kazini kama watoto wengine, na akizembea aligombezwa kama wao. Sikuwa nimepanga hivyo. Ndivyo nilivyokuta nyumba za watu.

Mimi ni Mkuria, kwetu ni ng'ambo ya Migori kuelekea mpakani. Dholuo changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo na wake wa mafundi tuliongea Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Waliniita Bwana Maendeleo, na mara nyingi walicheka wakilitamka jina hilo.

Kati ya vijana wale, kuna mmoja ninayemkumbuka kuliko wengine, kwa sababu shida yote iliyofuata ilimwangukia yeye. Alikuwa msichana wa kisiwa cha Mfangano, binti wa mama aliyekausha na kuuza samaki. Nilimpeleka Ndhiwa kwa fundi cherehani aliyefanyia kazi kwenye baraza ya nyumba yake, karibu na soko. Mwaka mzima wa kwanza alishona kwa mkono: matundu ya vifungo, pindo, kola zilizochakaa. Alipiga pasi ya makaa. Mkasi hakuugusa. Fundi wake alikuwa na sheria hiyo na hakuilegeza kwa yeyote.

"Kitambaa si changu wala si chako," alimwambia nikisikia. "Ni cha mteja. Ukishona vibaya tunafumua. Ukikata vibaya, tunafumua nini?"

Mwaka wa pili ndio ulikuwa wa mkasi na cherehani. Mtu akiondoka baada ya mwaka mmoja anakuwa na nusu ya kazi, na nusu ya kazi haimlishi mtu. Anaweza kushona lakini hawezi kukata; atabaki kuwashonea vifungo watu wanaojua. Sasa, fundi yule alikuwa na cherehani moja tu, na hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Hakuweza kuiacha mikononi mwa mwanafunzi huku wateja wakisubiri. Ili msichana yule amalize, ilibidi tupate cherehani ya pili.

Ndipo nilipoandika kuomba msaada kwa shirika moja la ng'ambo. Walinitumia fomu ya kurasa nyingi, nikaijaza kwa wiki mbili. Katika ukurasa mmoja palikuwa na mstari: chakula cha vijana. Nakumbuka nilivyosimamisha kalamu hapo. Niliwafikiria wake wa mafundi, magunia ya mahindi yaliyopungua, na kwamba hakuna mahali popote katika faili zangu ambapo wanawake wale waliandikwa. Nikaona nawatendea haki. Nikaandika kiasi cha kila mwezi kwa kila nyumba, na nikafurahi.

Shirika lilikubali. Pesa zingekuja kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la chakula na vitambaa vya mazoezi. Fungu la pili, la vifaa vikubwa, cherehani ikiwemo, lingekuja baada ya sisi kupeleka risiti za chakula. Na risiti iwe na sahihi au alama ya kidole cha mpishi mwenyewe, si mume wake, ili pesa zisiishie kilabuni. Niliposoma sharti hilo nililisifu. Nikamwambia karani, "Hawa watu wamefikiri."

Karani alilisoma mara mbili. "Wamefikiri," alisema, "lakini hawajawahi kuonana na mke wangu."

Nilianza na Ndhiwa, kwa sababu ya msichana. Nilifika mchana, nikamkuta mke wa fundi jikoni na msichana akimenya viazi vitamu pembeni yake. Nilikaribishwa ndani, nikaketi, nikatoa mkobani bahasha, karatasi ya risiti, na kibati cha wino. Nikaeleza. Mimi hueleza polepole. Ni tabia yangu, na siku ile nilieleza polepole zaidi kuliko kawaida, kwa sababu nilidhani naleta habari njema.

Mama alifuta mikono kwenye leso. "Hii pesa ni ya nini?"

"Ya chakula, mama. Cha huyu msichana."

"Chakula gani?"

"Anachokula hapa."

Alicheka, akamtazama msichana, akanitazama tena. Alipoona sicheki, naye akaacha.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, ingawa hakunizidi hata miaka kumi. "Wewe umekula hapa mara ngapi?"

"Mara nyingi, mama."

"Ile siku ya kuku, nilikupa risiti?"

"Hapana."

"Ulilipa?"

"Hapana, mama."

"Basi leta kidole chako hapa kwanza, tuanze na yule kuku."

Msichana aliinamisha kichwa kwenye sufuria, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Lakini mama hakuwa akitania tena. Aliisogeza bahasha kwa ncha ya kidole mpaka ikafika upande wangu wa meza.

"Huyu mtoto amelala katika nyumba hii mwaka mmoja. Akiugua, mimi ndiyo nakaa naye. Sasa mama yake akisikia huko Mfangano kwamba mimi nalipwa sahani kwa sahani, ataniita nani? Mimi sina hoteli."

"Hakuna atakayesema hivyo."

"Mimi nitasema hivyo. Nikimpa ugali kidogo, nitajiuliza kama nimemwibia. Nikimpa mwingi, nitajiuliza kama nimepata hasara. Mimi sitaki kujiuliza nikipika."

Fundi alikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Nilimtazama anisaidie. Akapandisha mabega. "Omera, ndugu yangu, mimi ningechukua hata leo. Lakini karatasi inataka mpishi, na mpishi si mimi."

"Na ungechukua, ungekula wapi?" mkewe alimuuliza.

Alirudi kwenye cherehani yake.

Niliondoka na bahasha. Njiani nilijiambia kwamba huyo ni mmoja, mwenye maneno makali, na wengine watapokea. Nilikuwa nimesahau kwamba siku iliyofuata ilikuwa ya soko. Nilipofika Migori wiki iliyofuata, mke wa mwashi alinipokea mlangoni, akaniuliza hali ya nyumbani kwetu, akaniuliza mvua, kisha kabla sijafungua mkoba akasema, "Sisi pia hatuna hoteli hapa." Sindo, mke wa mtengenezaji mashua hata hakutoka. Alimtuma mtoto aniambie mama ameenda ziwani, na nyuma ya mtoto nilimsikia akikohoa.

Niseme jambo ambalo lilinichosha kuliko baiskeli. Nilijua. Kwetu Ukuria pia, mwanamke akilipwa kwa kumlisha mtoto anayelala chini ya paa lake, watu watauliza huyo mtoto amekuwa nini katika nyumba ile. Mama yangu mzazi angenitupia mwiko. Nilijua hayo tangu utotoni, na bado fomu iliponipa mstari nikaujaza. Ukiwa ofisini siku nyingi, mstari mtupu unakuita uuandikie kitu.

Mwezi ulikuwa unaisha, na sikuwa na risiti hata moja. Karani aliniacha niandike barua mbili na kuzichana, kisha akavuta kibati cha wino mpaka katikati ya meza yetu.

"Una vidole vingapi?"

"Kumi."

"Mimi kumi. Nyumba ni kumi na mbili. Bado tunabaki na vya akiba."

"Usiseme hivyo."

"Nasema taratibu. Hakuna mtu huko ng'ambo anayejua kidole cha mke wa mwashi wa Migori. Pesa tutazipeleka kwa njia nyingine, hata ukiwanunulia mahindi. Cherehani inakuja, mtoto anajifunza. Nani amepotea hapo?"

Hakuwa mtu mbaya. Tangu enzi za wakoloni alikuwa ameona mipango mizuri ikifa kwa sababu ya karatasi, na alikuwa ameamua kwamba karatasi ni kitu cha kuzungukwa. Nilikaa na kibati kile mbele yangu muda mrefu. Hata nilibonyeza kidole kwenye wino. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Nilimfikiria tu mke wa fundi wa Ndhiwa, ambaye alikataa waziwazi mbele ya mumewe, nikaona kwamba nikiweka kidole changu mahali pa chake, nitakuwa nimemfanya mwenye hoteli bila yeye kujua. Nikafuta wino kwa karatasi ya kukaushia. Kidole kilibaki na rangi ya samawati siku mbili, na karani hakuacha kukitazama.

Niliandika barua ya kweli. Nilieleza, kurasa tatu, kwa nini wanawake hawapokei. Nikapendekeza kwamba badala ya mpishi kukiri amepokea pesa, kijana mwenyewe akiri amelishwa, na pesa za chakula zihamishiwe vifaa. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, niliona. Kila mtu alikuwa amepata alichopaswa kupata, ila pesa ndizo zilizokosa pa kwenda.

Nilipitia Ndhiwa kumweleza mama nilichoandika, na kwa kuwa nilimwona ametulia nikamweleza na upande wa pili, kwamba shirika likikataa, cherehani haitakuja. Nilimweleza mbele ya msichana, na hilo lilikuwa kosa langu la pili.

"Hukuniambia hivyo siku ile," mama alisema.

"Siku ile sikufikiri utakataa."

"Kwa hiyo nikiweka kidole, anapata mashine."

"Ndiyo."

"Na nisipoweka?"

"Labda asipate."

Alimwangalia msichana, na nikaona anapima kweli. Nadhani angeweka. Alikuwa ameanza kufunua mkono uliokuwa ndani ya leso. Ni msichana aliyesema, kwa Dholuo, maneno machache ya haraka. Nilielewa mawili tu. Nikauliza amesemaje.

"Anasema asifanywe mpangaji hapa," fundi alinitafsiria kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Anasema heri arudi kwao akauze samaki."

Nikanywa chai, nikaondoka.

Jibu la shirika lilichukua karibu miezi miwili. Lilikuwa la adabu. Walishukuru kwa maelezo yangu, walisema wamejifunza mengi kuhusu mila za watu wetu, na wakasikitika kwamba sheria zao za hesabu haziruhusu fungu moja kuhamishiwa lingine. Pesa za chakula zirudishwe. Fungu la pili halitatumwa. Vitambaa vya mazoezi tunaweza kubaki navyo, kwa nia njema.

Nilirudisha pesa. Kisha nikapanda baiskeli kuwaambia watu, nyumba moja baada ya nyingine, kwa sababu sikutaka wasikie sokoni. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Mwashi wa Migori alisema kijana wake atabaki. Mwiko wa mwashi mtu huweza kuazima. Mtengenezaji mashua wa Sindo alisema hana randa ya pili, lakini kijana anaweza kungoja zamu. Wengine hawakuweza. Vijana watano waliondoka kabla ya mwaka kuisha, wengi wao wakaenda kuchuma chai Kericho. Niliwaandikia barua za kuwatambulisha, nikaeleza kwamba wana mwaka mmoja wa ufundi. Sijui kama kuna aliyezisoma.

Ndhiwa niliiacha mwisho. Nilifika Ijumaa alasiri. Fundi na mkewe walikuwa Waadventista, na siku hiyo mama alikuwa jikoni tangu asubuhi akipika chakula cha Ijumaa na cha Jumamosi pamoja, maana Sabato haiwashiwi moto wa kupikia. Msichana alikuwa amefunga vitu vyake kwenye kitambaa. Hakuna aliyemfukuza; alikuwa tu amehesabu miezi, akaona hakuna jibu zuri linalochelewa hivyo.

Nilisoma barua, nikaitafsiri. Fundi alitikisa kichwa. "Nitamfundisha mkasi, hilo naahidi. Lakini mashine ni moja, omera. Wateja ni Jumapili mpaka Ijumaa. Nitampa saa ngapi?"

Mama aliweka kifuniko juu ya sufuria. "Kesho mashine inakaa tu."

"Kesho ni Sabato," fundi alisema.

"Nimepika tangu asubuhi kwa sababu ya kesho, sasa unaniambia kesho ni nini?"

"Basi?"

"Basi huyu ni Mkatoliki. Siku yake ni Jumapili."

"Yuko nyumbani kwangu. Amri haimwachi nje hata mgeni aliye nyumbani kwangu. Naye anapumzika."

"Ndiyo nasema asiwe nyumbani kwako."

Ng'ambo ya barabara aliishi mjane Mkatoliki aliyeuza chumvi na mafuta ya taa, mwenye baraza pana kuliko biashara yake. Mama alikuwa tayari amezungumza naye. Hilo nilitambua baadaye, kwa sababu baraza ilikuwa imefagiliwa na kiti kimewekwa. Mashine ingevuka Ijumaa kabla ya jua kuzama, na kurudi Jumamosi jua likishazama. Msichana angelala kwa mjane usiku mmoja tu kwa juma.

"Na wazee wa kanisa wakiniuliza?" fundi alisema.

"Waambie hukuona kitu, ulikuwa kanisani. Na utakuwa kanisani kweli, mbele, nitakapokuona."

Alijikuna kidevu. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, na sidhani jambo lile lilimkaa vizuri moyoni, hata baadaye. Lakini aliufungua mkanda wa cherehani. Msichana akabeba kichwa cha mashine kama anavyobebwa mtoto mchanga. Mimi na fundi tukashika meza yake ya chuma, yeye mbele, mimi nyuma, tukaanza kuvuka barabara ya vumbi. Miguu yangu ilikuwa imeendesha baiskeli tangu Homa Bay. Katikati ya barabara nikaomba tuiweke chini kidogo.

"Bwana Maendeleo!" mama aliita kutoka mlangoni. "Jua hilo linakungoja wewe?"

Tukaiinua tena. Tuliifunga kwenye baraza ya mjane, fundi akapiga magoti kukaza skrubu, kisha akamketisha msichana na kumwonyesha jinsi ya kuanza gurudumu kwa mkono wa kulia kabla miguu haijakanyaga, ili uzi usirudi nyuma na kukatika. Alimwonyesha mara mbili. Mara ya tatu mkewe aliita, akainuka bila kumaliza, akavuka barabara akijipangusa vumbi magotini.

Msichana alijaribu peke yake. Uzi ukakatika. Akalamba ncha yake, akautunga upya, akajaribu tena. Mimi niliketi kwenye ngazi ya baraza nikahesabu Jumamosi zilizobaki mpaka mwaka wake uishe. Zilikuwa chache kuliko nilizotaka, na hakuna fomu ambayo ningeweza kuzijaza ndani yake. Nikaendelea kukaa hapo, nikisikia uzi ukikatika na kutungwa, mpaka aliposhona mstari mmoja mzima bila kusimama, kisha nikaishika baiskeli yangu.